Shangazi, Mjomba na Utambi

Wapo wanaogombania shamba la marehemu, na wapo wanaogombania ng'ombe wa mahari. Sisi wa Igoma, Mwanza, nyumba ya nyuma ya mashine ya kusaga, tuligombania nta. Wala si nta ya mshumaa wenyewe, maana hiyo ilikwisha kununuliwa na haikuwa na mjadala. Tuligombania ile nta kidogo ya kunywesha utambi kabla mshumaa haujamiminwa. Ukimwambia mtu wa Buzuruga kwamba shangazi yangu na mjomba wangu walilishana sumu ya maneno kwa ajili ya nta isiyojaza kikombe cha chai, atakuuliza kama ndani yake mlitia gongo.

Chanzo ni mke wangu. Kikundi chao cha kina mama kilifundishwa ujasiriamali: sabuni ya maji, batiki, chaki, mishumaa, masomo ya aina ile ambayo SIDO, shirika la viwanda vidogo, imekuwa ikiwapelekea wenye mitaji midogo tangu ilipoundwa mwaka 1973. Wenzake walikimbilia sabuni. Yeye akachagua mishumaa, kwa hesabu ya mtu anayeijua Igoma. Umeme hukatika, hilo halihitaji maelezo. Halafu kuna makaburi. Hapa kwetu ndiko walikozikwa wengi wa waliokufa meli ya MV Bukoba ilipopinduka ikikaribia Mwanza, tarehe 21 Mei 1996, na tarehe hiyo ikifika wapo ndugu wanaokuja kuwakumbuka. Tarehe 2 Novemba nayo, siku ya marehemu wote, Wakatoliki huwasha mishumaa juu ya makaburi ya watu wao. Sasa mshumaa mwembamba wa dukani, ukiusimamisha kaburini, upepo wa kwanza tu unauzima, na kuuwasha tena kunamaliza kiberiti. Mke wangu akasema atatengeneza mshumaa wa kopo, utakaokingwa na bati pembeni, na ukizimika utawaka tena kwa njiti moja.

"Njiti moja, mama?" mwanangu wa kidato cha tatu akauliza.

"Moja."

Ni hiyo ahadi ndiyo iliyotuponza. Mshumaa kuwaka tena kwa njiti moja ni kazi ya utambi, na hasa ya nta iliyokwisha kuingia ndani ya utambi. Utambi mkavu ni pamba na hewa tu. Ukiuwasha bila kuunywesha, kinachoungua ni pamba yenyewe, na moto hufa kabla nta ya chini haijapanda. Ukiumiminia nta ya moto ukiwa mkavu, hewa hutoka polepole, nta inaganda ubavuni kwa vishimo, na moto ukifika kwenye vishimo hivyo unayumba kama umeitwa. Kwa hiyo utambi huzamishwa kwanza kwenye nta iliyoyeyuka. Mapovu hupanda. Yakikoma kupanda, umeshiba. Unautoa, unaunyoosha kwa vidole kabla haujapoa, unauning'iniza kwenye kamba. Daftari la mafunzo la mke wangu lilieleza hayo yote kwa nusu ukurasa, kwa mwandiko mzuri. Kitu kimoja tu halikueleza: uzamishwe kwenye nta ipi.

Daftari likinyamaza, ukoo husema.

Shangazi ndiye aliyefika wa kwanza. Yeye ni dada wa marehemu baba, aliolewa Sikonge kwa Wanyamwezi akakaa huko hadi mumewe alipofariki, na tangu arudi Usukumani hajaacha kutuambia kwamba kila kitu kizuri kinatoka Tabora, kuanzia asali hadi tabia. Alikuja na kiroba cha pamba mbichi kutoka kwa kaka yetu wa Kwimba. Kununua uzi dukani, alisema, wakati mtu amezaliwa katika nchi ya pamba, ni aibu ya kukatia mtu undugu. Hapo nilimwunga mkono. Tuna kituo cha utafiti cha Ukiriguru, si mbali na mji, ambako mbegu za pamba zimechaguliwa na kuboreshwa tangu enzi za Waingereza. Tulikuwa na kiwanda cha Mwatex kilichovisha kanda nzima. Halafu tununue uzi wa kutoka ng'ambo tuuchome?

Pamba ikasokotwa, ikasukwa. Wasichana wawili wa saluni ya jirani walilipwa soda wakasuka nyuzi tatu tatu, kazi safi, imekaza, bila hata fundo. Kusuka si urembo. Hapo zamani tambi za Ulaya zilikuwa za kusokotwa tu, zinasimama wima katikati ya moto na kuota masizi, na watu walikaa na mikasi ya kuzipunguza usiku kucha. Mwaka 1825 Mfaransa aitwaye Cambacérès akaanza kuzisuka, na utambi wa kusukwa ukiungua hujipinda, ncha yake ikatoka nje ya moto na kujimaliza yenyewe. Nilipowaeleza wasichana wa saluni habari za Mfaransa huyo, mmoja aliuliza kama alikuwa analipa soda au pesa.

Hapo akafika baba mdogo kutoka Geita. Huyu hununua dhahabu kwa wachimbaji wadogo, na katika begi lake hakosi boraksi, ule unga mweupe unaotiwa kwenye dhahabu wakati wa kuyeyusha ili uchafu ujitenge. Aliposikia tunatengeneza tambi, akasema jambo ambalo hatukulitegemea kwa mtu wa mashimoni: utambi uloweshwe kwanza kwenye maji ya boraksi na chumvi, ukaushwe kabisa, ndipo unyweshwe nta. Boraksi huyeyusha jivu la utambi likawa kitone cha kioo kinachodondoka, na ukipuliza mshumaa, utambi hauendelei kufuka na kuwa mwekundu. Ni kweli, na wenye viwanda vya mishumaa wamekuwa wakitumia chumvi za jamii hiyo tangu karne ya 19. Mke wangu alimwaga unga ule kwenye chupa, akaandika SUMU kwa herufi za kuonekana kutoka Kisesa, akaiweka juu ya kabati, kwa sababu nyumba yenye watoto na unga mweupe haihitaji maafa mengine.

Lakini pamba ilikataa kulowa. Tuliitia kwenye beseni ikaelea kama bata. Mwanangu akaenda kuchungulia kitabu cha shule, akarudi na jibu: pamba mbichi ina nta yake ya kuzaliwa, kidogo sana, haifiki sehemu moja katika mia ya uzito wake, ila inatosha kufukuza maji. Pamba ya hospitali hulowa kwa sababu imechemshwa na dawa nta hiyo ikaondoka. Kwa hiyo, kabla ya kubishana ni nta ipi itiwe, ilibidi tuondoe ile aliyoitia Mungu. Shangazi alichukua magadi ya jikoni, yote, akachemsha tambi nayo, akasuuza, na wiki hiyo tulikula maharage magumu ya kutosha kujengea.

Mwisho tambi zikalowa boraksi, zikaanikwa zikakauka kabisa. Ndipo vita ikaanza.

Mjomba alikuwa na bucha pale Igoma miaka mingi kabla miguu haijamsumbua, na anaamini kwamba hakuna tatizo la dunia lisilo na jibu ndani ya ng'ombe. Alileta shahamu. "Mpwa wangu," alisema, "babu zako waliwasha mafuta ya ng'ombe. Hizi nta zenu ni mambo ya juzi." Na usimdharau. Ulaya nzima ya watu maskini iliangazwa kwa shahamu kwa karne na karne, wakati kanisa na matajiri wakiwasha nta ya nyuki. Ila shahamu hulainika mapema, hata joto la nyuzi 50 halifiki, na hunuka. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul ndiye aliyeyachambua mafuta hayo mwanzoni mwa karne ya 19, akatenga sehemu yake ngumu, na hapo ndipo ilipotoka stearini, zile tembe nyeupe ambazo mke wangu huzichanganya na parafini ili mshumaa uwe mgumu na mweupe. Kwa maneno mengine, ng'ombe wa mjomba alikwisha kuingia kwenye mshumaa zamani, kwa mlango wa mbele, amekwisha oga. Hilo mjomba hakutaka kulisikia.

Alinywesha fungu lake la tambi usiku, akazitundika jikoni, akaenda kulala mshindi. Asubuhi kamba ilikuwa tupu. Panya walikuwa wamezichukua zote, si kuzitafuna tu, kuzichukua. Mbili tulizikuta zimeingizwa nusu kwenye tundu la ukuta, kama mtu aliyekuwa anahamisha samani akakatizwa na alfajiri. Shangazi alicheka hadi akakaa chini. "Shemeji," alimwambia, "umetengenezea panya tambi za kula au za kusomea?"

Mjomba hakujibu. Ila usiku uliofuata, ili ushahidi usibaki, alimwaga shahamu iliyosalia kwenye bomba la kutolea maji la jikoni. Ikaganda humo ndani. Hayo tutayarudia, kwa sababu mwenye nyumba aliyarudia.

Binti yangu alijaribu kidogo na mafuta ya mgando ya kupaka. Utambi ulikuwa laini, unang'aa, unanukia vizuri, na kopo lilipopata joto ulilala chali. Hakuna aliyembishia, alikuwa wa kwanza katika nyumba hii kukubali matokeo.

Zamu ya shangazi. Alikuwa ameagiza nta ya nyuki kwa mtu wa basi la Tabora, na mzigo ulipofika tulikuta si nta, ni masega: meusi, yenye asali iliyobaki, mabawa, na miguu ya marehemu. Kwake hiyo ndiyo nta halisi. Mke wangu alisema kwa adabu zote za mkamwana kwamba labda tuichuje kwanza. Shangazi akasema nyuki hakuchuja. Akaweka sufuria moja kwa moja kwenye jiko la mkaa, uani, saa sita mchana, jua la Mwanza liko juu ya mawe.

Yakatokea mawili kwa pamoja. Asali na maji yaliyomo yakafika chini ya nta, yakachemka huko yakitafuta njia ya kutoka, na sufuria ikaanza kurusha. Nta ya moto ikitema, haina tofauti na mafuta ya kukaangia. Inashika ngozi na haiachi. Tukarudi nyuma. Wakati huo huo harufu ikapanda juu ya paa, ikapita mashine ya kusaga, ikaenda ninapojua sasa kwamba kuna mzinga wa mtu, nyuma ya mawe. Walianza wachache, wakakagua, wakaenda kusema. Halafu wakaja wenzao.

Nyuki wanaokuja kudokoa asali hawaji kupigana, na hivyo ndivyo shangazi alivyokuwa akitangaza kwa sauti huku amejifunika kanga mbili: "Tulieni! Msipunge mikono! Hawa ni wageni tu!" Ila mwenye nyumba, aliyechagua saa hiyo hiyo kuja kudai habari za bomba lililoziba, hakuwa amepata somo hilo. Alipunga. Alipunga kwa mikono yote miwili na faili la kodi. Kijana wa bodaboda aliyemleta alikimbia hadi kwenye lami akaacha pikipiki inaunguruma peke yake mlangoni kwetu, na watu wa mashine ya kusaga wakazima mashine ili wasikie vizuri. Mjomba alikuwa ndani, dirisha limefungwa, uso wake wote umebandikwa kwenye kioo, na sijamwona na furaha ile tangu siku alipouza bucha.

Moshi, mfuniko juu ya sufuria, na uvumilivu. Jua lilipoinama walirudi kwao. Mfuniko nausisitiza. Nta ikizidi moto hufuka, ikizidi tena hushika moto, na moto wake hauzimwi kwa maji, maana maji huurusha kila upande. Unafunika, unaondoa mkaa. Tangu siku ile sufuria ya nta huketi ndani ya sufuria ya maji, na mke wangu hakuuliza maoni ya mtu.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kilichokuwa kinahitajika tangu mwanzo. Alichemsha masega ndani ya maji ya mvua, kwa moto mdogo, usiku, nyuki wamelala. Maji ya mvua hayana chumvi chumvi za kuigeuza nta ikawa ujiuji wa sabuni. Akachuja kwa kipande cha khanga kuukuu, akaacha ipoe polepole ndani ya ndoo. Asubuhi nta ilikuwa imeelea juu kwa bamba moja la manjano, uchafu umeganda chini yake, akaukwangua kwa kisu. Akarudia. Mzigo mzima wa masega ulitoa bamba dogo la kumhuzunisha mtu, lakini ukilishika unaelewa kwa nini shangazi huongea vile. Nyuki mdogo wa kazi huitoa nta hiyo kwa vipande vyembamba chini ya tumbo lake, na wataalamu hukadiria kwamba kilo moja ya nta hugharimu mzinga kilo 6 hadi 8 za asali. Huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Harufu yake ni ya Jumapili.

Hapo hoja ikawa wazi, na ningependa kuiandika bila upande wowote, ingawa nimelala chumba kimoja na mmoja wa wagombea. Nta ya kunywesha utambi haitakiwi kuwa laini kuliko nta ya mshumaa. Iwe ile ile, au iwe ngumu zaidi. Katika mshumaa wa kopo hiyo ni lazima zaidi, kwa sababu nta inayoyeyuka haitiririki kwenda popote, inabaki dimbwi, na utambi unasimama ndani ya dimbwi hilo la moto kwa saa nyingi bila kushikwa juu. Ulionyweshwa kitu laini, unalegea, unalala, unazama. Na iwe safi. Utambi hunywa kwa mianya midogo kati ya nyuzi, na takataka zinazoweza kupita kwenye kitambaa haziwezi kupita humo. Zinaziba, na moto unadhoofu huku nta ikiwa tele. Masega ya shangazi kabla ya kuchujwa yalitoa utambi mmoja uliowaka kwa hasira, ukapiga makofi, ukafa.

Mwanangu ndiye aliyeendesha mtihani. Walimu wake walimsimulia habari za Michael Faraday, mwana wa mhunzi, aliyewafundisha vijana wa London sayansi kwa mshumaa mmoja tu pale Royal Institution, na tangu hapo anajiona mrithi. Alipanga vikopo uani, vile tulivyokatiwa na fundi bati wa Makoroboi kutoka makopo ya nyanya, akaviwasha, akavipuliza kimoja kimoja. Kisha akashika njiti ya moto juu ya moshi mweupe unaopanda, kwa umbali wa kidole, bila kugusa utambi, na moto ukashuka kwa moshi ukarudi wenyewe kwenye mshumaa. Moshi ule ni mvuke wa nta, na kinachowaka katika mshumaa ni mvuke huo. Shangazi aliomba arudie. Mjomba naye aliomba, ila alisema ni kwa ajili ya shangazi.

Utambi wa parafini na stearini uliwaka mara moja kila ulipoguswa, ila kopo lilipokolea joto ulianza kuegemea. Utambi wa nta ya nyuki safi ulisimama kama askari wa zamu, ila ulinata; ulikuwa umeokota vumbi la uani na, samahani, unywele wa saluni. Basi mke wangu, bila hotuba, aliyeyusha nusu kwa nusu, akanywesha tambi hadi mapovu yakakoma, akaziacha zikapoa zimenyooka. Hizo ndizo tunazotumia. Hazinati, hazilali, na bamba la Tabora linakwenda mbali. Shangazi husimulia kwamba nta yake ndiyo iliyoshinda. Mke wangu husimulia kwamba nta ya shangazi ilihitaji kushikwa mkono. Mimi huulizwa, na huwa nina simu ya kupokea.

Tarehe 2 Novemba upepo ulikuja na manyunyu, kama kawaida ya mwezi huo. Vikopo vilizimika, naam, vilizimika vingi. Watu wakaviwasha tena. Mama mmoja alinunua vya kaburi la mumewe, akarudi kununua vya makaburi ya jirani yasiyo na mtu, akatugomea tulipotaka kumpunguzia bei.

Mwenye nyumba alirudi, shavu limekwisha pungua, kudai gharama ya fundi aliyezibua bomba. Fundi alikuwa amemwonyesha kilichotoka: mnyororo mrefu wa mafuta ya ng'ombe wenye umbo la bomba. Mjomba, aliyekuwa kimya tangu siku ya nyuki, aliinuka akaenda chumbani kwake, akarudi na fungu la tambi za shahamu alizokuwa ametengeneza kwa siri, kwa ukaidi, kwa ajili ya heshima tu.

"Kwako una panya?" alimuuliza mwenye nyumba.

Alikuwa nao, kama kila mtu. Mjomba akamfunga utambi mmoja kwenye mtego, akampa na mwingine wa akiba. Habari ikafika kwenye mashine ya kusaga, ambako panya ni wanahisa. Sasa wateja wa mjomba hupiga hodi kabla ya wa mke wangu, hununua kwa fungu, hawaulizi kama utawaka, na deni la bomba lilikwisha zamani. Shangazi anasema biashara hiyo si ya mishumaa. Mjomba anasema hajawahi kusema ni ya mishumaa, na kama shemeji yake anataka hisa, aje na pamba.